Anatusaidia Tu

Afisa ajira wa hospitali alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, na upole huo ndio uliomchelewesha Mama Mvuke kuelewa kwamba anaitwa mwongo.

"Usaili ulikwenda vizuri sana, dada," afisa alisema, akisukuma miwani yake juu ya pua. "Nisikufiche, jina lako lilikuwa la kwanza. Ila tumewapigia wale watu wawili uliowaandika kwenye sivii, wa kuulizwa habari zako. Mwalimu wako wa zamani amekusifu tabia, lakini kazi yako hajaiona. Na mwajiri wako anasema hajawahi kukuajiri."

Mama Mvuke alicheka. "Labda mmekosea namba."

Afisa akamgeuzia karatasi. "Namba si hii?"

Ilikuwa hiyo hiyo.

"Nilimuuliza mara mbili, maana hata mimi nilishangaa. Alisema, 'Huyo ni mke wa mdogo wangu. Alikuwa anatusaidia tu dukani, akimaliza kazi zake za nyumbani.'"

Feni ya dari ilizunguka, ikainua pembe za karatasi mezani na kuzilaza. Mama Mvuke alihisi masikio yake yanapata moto, kisha shingo, kisha kifua chote.

"Anatusaidia tu," akarudia.

"Ndivyo alivyosema. Sasa wewe umeandika msimamizi wa duka la dobi, miaka kumi na mmoja. Unaona nilipokwama? Mashuka ya chumba cha upasuaji, ya wodi ya wazazi, ya watoto, yote yatakuwa mikononi mwako. Siwezi kumkabidhi mtu nisiyejua kama aliyoyaandika ni ya kweli." Afisa alifunga faili taratibu. "Nakupa hadi Ijumaa. Niletee mtu mwingine aliyefanya kazi na wewe, asiwe ndugu yako. Akikosekana, itabidi nimwite wa pili."

Mama Mvuke alisema asante. Baadaye alijilaumu kwa asante ile, maana hakuona alikuwa anamshukuru nani kwa lipi.

Tangu mwaka alioolewa alikuwa katika duka lile. Wakati huo shemeji yake, kaka wa mumewe, ambaye ukoo mzima unamwita Kaka Mkubwa, hata mama yake mzazi, alikuwa na chumba kimoja, mashine moja ya kufulia na pasi mbili. Alimwambia, "Shemeji, njoo utushike mkono kidogo wakati natafuta mtu." Mtu huyo hakutafutwa kamwe. Mama Mvuke akajifunza kutoa doa la grisi kwenye suti na doa la mafuta ya nywele kwenye shela la bibi harusi. Akajifunza kuagiza sabuni kwa mapipa, kupanga zamu, kumtuliza mteja aliyekuja na povu mdomoni kwa sababu ya kifungo kimoja kilichopotea. Aliajiri watu, akafukuza watu. Aliwabembeleza wenye hoteli mpaka wakamletea mashuka yao. Wateja walimwita Mama Mvuke kwa sababu alikuwa anatoka nyuma ya mashine kama mtu anayetoka kwenye wingu. Wafanyakazi walikuwa na sababu yao nyingine, kwamba ukimgusa kidogo tu anafuka.

Chumba kimoja kikawa duka lenye vioo mbele na gari la kusambazia nguo. Dereva wa gari hilo alikuwa mumewe, na mumewe alipewa barua ya ajira, mshahara wa mwisho wa mwezi na michango ya uzeeni. Yeye alipewa bahasha. Mwezi mwingine nene, mwezi mwingine nyembamba, mwezi mwingine anaambiwa, "Shemeji, mwezi huu tubebane."

Alipoomba na yeye aandikiwe barua, Kaka Mkubwa alicheka mpaka akashika meza. "Barua? Nikuandikie barua wewe? Halafu na wewe uniandikie ya kunikaribisha chakula nikija kwenu!" Wiki ile ile Mama Mvuke akaacha kazi. Hakuacha kwa ugomvi. Na alipoona tangazo la hospitali, kwamba wanatafuta msimamizi wa chumba cha kufulia, alimwendea shemeji yake kwa heshima zote, akamuuliza kama anaweza kuandika namba yake ya simu. Kaka Mkubwa akamjibu, "Andika tu, shemeji, hakuna neno. Nitakusifu mpaka wakuogope."

Hicho ndicho kilichokuwa kinamchoma njia nzima kutoka hospitalini. Kama shemeji angekataa tangu mwanzo, yeye angejua. Lakini alikubali, tena kwa utani na kicheko, akamsindikiza hadi mlangoni.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda dukani moja kwa moja.

Kaka Mkubwa alikuwa nyuma ya kaunta, ndani ya shati jeupe ambalo ukosi wake ulipigwa pasi na mtu mwenye haraka. Mbele yake walisimama wateja wawili, mzee mmoja mwenye koti mkononi na mwanamke aliyekuwa anahesabu mapazia yake.

"Shemeji! Karibu, karibu. Leo umetukumbuka."

"Ulipigiwa simu na hospitali."

Tabasamu lilibaki mahali pake, macho ndiyo yaliyohama. "Nilipigiwa, ndiyo. Nikawaambia wewe ni mtu mwema sana."

"Uliwaambia nilikuwa nasaidia tu."

"Sasa, shemeji, mambo ya nyumbani tutayaongea nyumbani."

"Ya nyumbani yapi? Nyumbani kwangu nafua mashuka ya hoteli?" Sauti yake ilikuwa imeshapanda na hakuishusha. "Nani alikuwa anafungua duka hili asubuhi?"

"Wewe, lakini..."

"Nani alikuwa anafunga?"

"Punguza sauti, kuna wateja."

"Wateja ni wangu hawa! Huyu mzee koti lake nalijua, bitana ya ndani imetatuka upande wa kulia na tukaishona hapa hapa. Wewe ulikuwa unakuja jioni kuchukua hela na kuniuliza kama nimekula!"

Mzee mwenye koti alikohoa, akaangalia bitana ya koti lake. Mwanamke wa mapazia aliacha kuhesabu kabisa.

Kaka Mkubwa akazunguka kaunta, akamwonyesha njia ya chumba cha nyuma kama mtu anayemwongoza mgonjwa. Huko nguo safi zilining'inia ndani ya mifuko ya plastiki, safu kwa safu, na mashine ilikuwa inanguruma. Alipoona wako peke yao, akaacha kutabasamu.

"Wewe hujui unachotaka kunifanyia," alisema kwa sauti ya chini. "Ile ni hospitali kubwa. Nikisema nilikuajiri, kesho watu wa idara ya kazi wako hapa. Mkataba wake uko wapi? Michango yake ya uzeeni iko wapi? Miaka yote hiyo! Unataka nifunge duka? Na mumeo atakula wapi?"

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Najua nini?"

"Kwamba ile ilikuwa kazi. Ungekuwa hujui, usingeogopa."

"Shemeji, sisi ni familia. Watu wa familia hawaandikiani mikataba."

"Na mume wangu je? Yeye ni familia ya jirani?"

Kaka Mkubwa alifikiri kidogo, halafu akasema, bila aibu na bila ubaya, kama mtu anayetaja siku ya wiki, "Yule ni mwanamume. Ana majukumu."

Mama Mvuke alijikuta ameshika chuma cha kutundikia nguo kwa mikono miwili. Alitamani kukisukuma chote kianguke, suti na magauni na mashati, vizagae sakafuni kwenye maji ya sabuni. Lakini nguo zilikuwa za watu. Akaachia, akatoka kwa mlango wa mbele, na kumpita mzee mwenye koti ambaye alimpisha kwa heshima kama anampisha mfiwa.

Jioni alimsimulia mumewe. Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache, mpenda amani, na siku zote alidhani kuwa ugomvi ukiachwa peke yake utaondoka wenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho huku anageuza kikombe cha chai mezani. Kisha akasema lile ambalo hakupaswa kusema.

"Lakini, mama watoto, tuseme ukweli tu. Si ulikuwa unasaidia kweli?"

"Rudia."

"Maana yangu..."

"Rudia, nimesikia vibaya."

Mumewe akazidi kukigeuza kikombe.

"Wewe unaendesha gari lake," Mama Mvuke alisema. "Unamsaidia?"

"Mimi nimeajiriwa," mume akajibu haraka, kisha akasikia alichokisema. Kikombe kiliacha kuzunguka.

"Mpigie simu kaka yako. Sasa hivi. Mwambie kesho awapigie hospitali aseme ukweli."

"Unajua kaka alivyo."

"Sijakuuliza alivyo."

Simu ilikuwa hapo mezani kati yao, karibu na bakuli la sukari. Mume aliiangalia, halafu akainuka kwenda kuona kama watoto wamefunga dirisha la chumbani. Mama Mvuke alibaki ameikazia macho ile simu. Kumkasirikia shemeji kulikuwa rahisi, tena kutamu kidogo. Hasira ya kumkasirikia huyu aliyekwenda kufunga dirisha ilikuwa haina ladha yoyote.

Kesho yake alikwenda hotelini. Msimamizi wa vyumba vya hoteli, mwanamke mnene mwenye furushi la funguo kiunoni, alikuwa rafiki yake wa kikazi kwa miaka. Walishawahi kugombania foronya moja iliyopotea mpaka wakaishia kucheka. Safari hii alimpokea kwenye korido, hakumkaribisha hata kiti.

"Unajua ninavyokupenda," alisema, akichezea funguo. "Lakini shemeji yako alinipigia jana. Amesema kuna mgogoro wa kifamilia, tusijiingize."

"Mgogoro wa kifamilia?"

"Ndivyo alivyosema. Na mkurugenzi wangu wanaelewana naye, wanapunguziana bei... Dada, mimi na wewe ni watu wa kuamriwa tu. Usinitie matatani."

Kumbe Kaka Mkubwa alikuwa anazunguka kwa simu, mlango kwa mlango, anaifunga kabla yeye hajabisha! Mama Mvuke alitoka kwenye geti la hoteli. Alitembea bila kuangalia aendako. Kila mtu aliyemfikiria alikuwa anamwogopa Kaka Mkubwa, au ana deni la fadhila kwake, au anafanya naye biashara. Wafanyakazi wa dukani wangefukuzwa wakifungua mdomo. Muuza sabuni alikuwa anacheza karata na Kaka Mkubwa. Akawapanga wote kichwani, akawafuta mmoja mmoja, mpaka akabaki mtu mmoja asiyemwogopa Kaka Mkubwa hata kidogo. Na huyo ndiye ambaye Mama Mvuke angetoa chochote asikutane naye.

Walimwita Mkunjo, kwa sababu suruali akishaipiga pasi yeye, mkunjo wake unaweza kukata karatasi. Alikuwa mpiga pasi wa dukani, na Mama Mvuke ndiye aliyemfukuza. Siku hizi alikuwa na kijiduka chake chini ya ngazi za jengo la vyumba vya kupanga, mashine moja, meza moja iliyotandikwa blanketi, na kamba ya kutundikia mashati.

Alipomwona hakuacha kupiga pasi. "Umeleta nguo," alisema, "au umekuja kunifukuza na hapa?"

"Nimekuja kukuomba kitu."

"Wewe? Kuomba?" Mkunjo akageuza shati, akaanza mkono wa pili. "Hebu kwanza nikukumbushe. Baada ya wewe kunifukuza, niliomba kazi kule kwenye kiwanda cha kufulia. Wakapiga simu dukani kuuliza habari zangu. Nani alipokea?"

"Mimi."

"Ukasemaje?"

Mama Mvuke alikumbuka neno kwa neno. "Nilisema unapiga pasi vizuri ukiwa macho."

"Wale watu walicheka sana. Walinihadithia wenyewe. Walicheka, halafu kazi hawakunipa."

"Ulikuwa unalala kazini. Uliunguza bega la koti la mtu."

"Nililala, ndiyo. Mama yangu alikuwa mgonjwa, nilikuwa nakesha naye."

"Hukuniambia."

"Uliniuliza?"

Mvuke wa pasi ulipanda kati yao. Mama Mvuke hakumuuliza. Siku ile aliliona koti tu.

"Siwezi kukuomba msamaha leo," alisema mwishowe. "Nikikuomba leo utaona nauomba kwa ajili ya shida yangu. Na utakuwa hujakosea. Nitakuja siku nyingine kwa hilo peke yake."

Mkunjo alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. "Haya. Shida yako ni nini?"

Akamweleza. Alipofika kwenye lile neno, anatusaidia tu, Mkunjo alisimamisha pasi wima. Kwanza alicheka. Kisha kicheko kikamkatika, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Kusaidia? Wewe ulikuwa unasaidia? Sasa mimi nilifukuzwa na nani, na jirani aliyepita njia? Sikiliza. Siku ile ile nilimfuata yeye mwenyewe, nikampigia magoti pale kwenye gari lake. Akaniambia, 'Mambo ya wafanyakazi ni ya yule mama, mimi huwa siingilii.' Nikaenda nyumbani nikamwambia mama yangu mgonjwa kwamba sina kazi, kwa sababu bosi amesema. Leo anasema hakukuwa na bosi? Basi anirudishie kazi yangu!" Alipiga meza kwa kiganja, mashati yakatikisika kwenye kamba. "Namba ya huyo afisa sitaki. Kwenye simu mtu anaweza kusema lolote. Nitakwenda mwenyewe."

Ijumaa Mkunjo alikuja amevaa suti. Wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi ya korido walimpisha wakidhani ni daktari. Afisa ajira aliwakaribisha, akachukua kalamu.

"Na wewe, kaka, ni nani kwake?"

"Mimi ni mtu aliyefukuzwa kazi na huyu mama."

Afisa alivua miwani.

Mkunjo akasimulia yote, hakujitetea wala hakumpaka mtu mafuta. Alieleza nani alipanga zamu, nani alipokea mashuka ya hoteli na kuyakagua, nani alimwajiri na nani akamtoa. "Ni mkali," alisema. "Mtu wa kuchelewa hamvumilii. Akikuta shuka limekunjwa vibaya analifumua lote, urudie, na maneno juu. Mimi simpendi sana, nisikudanganye. Lakini ukimpa mashuka yako hakuna hata moja litakalopotea, na likipotea, mtakoma nyote humu ndani mpaka lipatikane."

Mama Mvuke aliangalia sakafu. Hakujua kama anasifiwa au anasemwa.

"Miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki," afisa alisema, "sijaletewa mdhamini wa namna hii." Alifikiri, akaivuta simu ya mezani, akabonyeza ile namba na kuweka sauti isikike chumba kizima.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya Kaka Mkubwa, nyuma yake mashine zinanguruma.

"Samahani kukusumbua tena, ni hospitali. Nauliza habari za mtu mwingine safari hii. Mpiga pasi mmoja aliyekuwa kwako, wanamwita Mkunjo."

"Aa, yule! Yule wa kulala! Msimguse kabisa, atawachomea hospitali."

Mkunjo aliuma meno.

"Ulimfukuza wewe mwenyewe?"

"Mimi? Hapana, shemeji yangu ndiye aliyemtoa. Mimi mambo ya wafanyakazi huwa siingilii, yeye ndiye alikuwa anasima..."

Neno likakatika. Zikabaki mashine tu kwenye simu, zinazunguka.

"Anasimamia," afisa akammalizia. "Nashukuru sana." Akakata.

Mkunjo aliangua kicheko, akapiga goti lake kwa mkono. Mama Mvuke hakucheka. Alikuwa amengoja furaha ije, na kilichokuja kilikuwa hasira mpya, kali kuliko ya kwanza. Ukweli ulikuwa umekaa pale kwenye ulimi wa shemeji yake siku zote, mwepesi kabisa. Ulitoka wenyewe, bila kuvutwa, mara tu alipopata nafasi ya kuutumia kumharibia mtu mwingine.

Alipewa kazi, miezi mitatu ya majaribio kwanza. Wakati anasaini, afisa alimwambia kwa upole wake ule ule, "Siku nyingine, dada, usiandike namba ya ndugu. Hata akuahidi nini."

"Sikuwa na mwajiri mwingine wa kuandika," Mama Mvuke alijibu. "Huyo ndugu ndiye aliyekuwa mwajiri."

Habari zilifika kwa mama mkwe kabla hata hajavaa sare ya hospitali. Akaitwa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi lake la siku zote, mkono shavuni.

"Mwanangu, umemvua nguo Kaka Mkubwa mbele za watu."

"Mama, nguo zake nilizifua na kuzipiga pasi miaka yote. Angesema ukweli, zingekuwa mwilini mwake mpaka leo."

"Ungekuja kwangu kwanza. Tungeongea."

"Ungemwambiaje?"

Mama mkwe alifikiri sana, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganya, akasema, "Ningekwambia wewe usamehe."

"Ndiyo maana sikuja, mama."

Walikunywa chai. Mama Mvuke alipoaga, mama mkwe alimshika mkono akauachia, na hakuna kati yao aliyejua mkono ule ulimaanisha nini.

Kazi ya hospitali ilikuwa nzito, na ilimfaa. Kulikuwa na mashine kubwa kama vyumba, na wafanyakazi waliomzidi umri ambao mwanzoni walimwangalia kwa pembe ya jicho. Siku moja mmoja wao alichelewa, na Mama Mvuke akamwita pembeni. Maneno makali yalikuwa tayari mdomoni. Aliyameza, akamuuliza kwanza kuna nini nyumbani. Hakukuwa na kitu, jamaa alikuwa amelala tu. Basi akayatoa maneno yote pamoja na riba. Na alasiri moja, akitoka kazini, alipita kwa Mkunjo na kumwomba msamaha, kwa hilo peke yake kama alivyoahidi. Mkunjo alisema, "Sawa," kisha wakabishana nusu saa juu ya ukosi wa mashati, kama unaanzwa ndani au nje.

Hasira yake kwa shemeji haikuisha. Watu walimwambia itaisha, kazi si ameipata. Yeye alikuwa anakaa nayo, anafanya nayo kazi, anaipeleka nyumbani na kuirudisha.

Kisha ikaja Jumapili ya chakula cha mchana kwa mama mkwe. Kaka Mkubwa alikuwa amemleta mgeni, mfanyabiashara mmoja mwenye mashine za kufulia za kuuza, na walikuwa wanaongea kwa sauti kubwa tangu mlangoni. Mama Mvuke alipoingia na mumewe, Kaka Mkubwa alisimama, akatandaza mikono.

"Huyu sasa ndiye yule niliyekwambia! Shemeji yangu. Chumba chote cha kufulia cha hospitali kubwa kiko chini yake. Na kazi yote amejifunza kwangu. Alikuwa msimamizi wangu miaka kumi na mmoja! Ukitaka kuwauzia mashine, ongea naye, mwambie umetoka kwangu."

Mgeni aliinamisha kichwa kwa heshima. "Hongera sana, mama. Umetoka kwenye mikono mizuri."

Mama Mvuke alisimama na bakuli la matunda mikononi. Hasira zilimpanda. Yote aliyoyaomba, yote aliyoyakimbilia mji mzima, ndiyo haya yanamwagwa mezani bure, kwa mgeni, ili mashine ziuzwe. Aliliweka bakuli mezani ili amjibu.

"Kaka."

Alikuwa mumewe. Alikuwa bado hajakaa, mkono wake uko kwenye mgongo wa kiti.

"Si ulisema alikuwa anatusaidia tu?"

Vijiko vilisimama. Kaka Mkubwa alicheka, akangoja wengine wacheke naye, akacheka tena kidogo, peke yake. Mgeni aliangalia sahani yake kama mtu aliyeona maandishi ndani. Mume alikuwa ametoka jasho juu ya mdomo, lakini macho hakuyaondoa kwa kaka yake. Wala swali hakulifuta.

"Kuleni," mama mkwe alisema baada ya muda, bila kumwangalia mtu. "Chakula kinapoa."

Walikula. Hakuna aliyezungumzia mashine tena.

Walirudi nyumbani kwa gari la duka, mume kwenye usukani. Kila walipofika kwenye taa nyekundu aligeuka kidogo kumwangalia mkewe, akangoja. Taa ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Nimemwambia," alisema.

"Nimesikia," Mama Mvuke akajibu. Akateremsha kioo cha dirisha, maana ndani kulikuwa na joto. "Mbona umechelewa hivyo?"

Taa ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi, na mume akatia gia.